Fyuzi ya Mzee Kombo

Marahaba. Nimeitikia kabla hamjaniamkia, maana najua vijana wa karakana mna haraka, na nyote mnaosoma haya mnapaswa kuniamkia. Nilianza kuunda mitambo ya kuendeshea mashine za viwanda kabla baba zenu hawajaota meno. Kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, mtu akitaka mota yake ijue lini iwake na lini izime, alinitafuta mimi. Sijisifu. Ulizeni Kariakoo. Kama waliobaki wa kuulizwa ni wachache, hilo si kosa langu.

Nimeombwa niwaandikie kuhusu kazi. Mnadhani nitawaandikia jinsi mashine inavyowashwa. Kuwasha ni kazi ndogo, hata mbuzi akikanyaga kitufe mashine itawaka. Kazi ya fundi ni kuhakikisha mashine haiwaki wakati usiotakiwa. Jambo hilo nililisoma Uingereza, nikafaulu mtihani wake vizuri sana, kisha nikaja kulijua hapa hapa Mtaa wa Msimbazi, mikono yangu yote miwili ikiwa ndani ya roli za chuma.

Lakini kwanza mnijue. Nilitoka Kilimanjaro na masomo ya darasa la nane na jozi moja ya viatu. Hapa mjini nilivuta nyaya kwenye nyumba za watu nikiwa mshika ngazi wa fundi mmoja mkali. Nikapata nafasi ya kuosha vyombo melini, nikashuka Uingereza, katika mji wa viwanda ambao jua lake lilikuwa kama taa yenye umeme hafifu. Mchana nilifagia chini ya mashine, jioni nilisoma jinsi mashine hizo zinavyoendeshwa. Hakuna baba mkubwa wala mjomba aliyenisukuma. Nilirudi Tanganyika miaka ya hamsini nikiwa na diploma ya umeme wa viwandani.

Diploma hiyo niliikunja mara nne, nikaitia katika bahasha ya kitambaa cha nta, nayo ikakaa mfuko wa kifua wa shati langu mwaka mzima. Nikinywa kahawa naitoa. Nikienda kunyoa naitoa. Wanywaji wa kahawa pale barazani wakanipa jina la Bwana Diploma, nami nikadhani wananiheshimu.

Aliyenipa kazi ni Bwana Saleh. Ukoo wake asili yake ni Arabuni, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Kariakoo na alikuwa na duka mbele na kinu nyuma. Kinu kilikuwa cha mbata, nazi iliyokaushwa. Mbata inamwagwa katika sanduku kubwa la mabati juu, inashuka kwenye roli mbili za chuma zenye meno, inapondwa, inapikwa, kisha inakamuliwa mafuta. Roli zilizungushwa na mota kwa mkanda mpana wa ngozi. Harufu yake iliingia hadi kwenye mto wa kulalia.

Mwenye kinu hasa, kwa maana ya kujua kila sauti yake, alikuwa Mzee Kombo. Alitoka Mafia ujanani, mwembamba, mwenye koti la khaki lililofuliwa hadi likawa rangi ya mchanga. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi, kusikiliza, na kuzibua roli zinapokwama. Shule hakwenda, isipokuwa chuo cha Kurani.

Siku ya kwanza nilimkuta akichomoa fyuzi. Mnajua fyuzi zile za zamani, za kaure nyeupe, zenye umbo la daraja dogo? Unaishika mgongoni, unaivuta, inatoka nzima. Aliivuta, akaitia mfuko wa koti, akafunga kishikizo cha mfuko, ndipo akapeleka mkono kwenye roli.

Nikamwuliza, "Mzee, swichi umeshazima. Fyuzi unaibeba ya nini?"

"Swichi iko ukutani, mwanangu. Na ukuta ni wa watu wote." Akaupigapiga mfuko. "Huu wangu."

Pale kinuni ilikuwa desturi. Anayeingia mashineni anaingia na fyuzi. Akitoka anairudisha kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mkono wa mwingine, hata kama huyo mwingine ni Bwana Saleh. Mimi nilitabasamu. Niliona ni kama hirizi.

Sasa niwape mambo mawili ya kazi kabla sijasahau, maana nikianza kisa sitasimama.

La kwanza, mjusi. Huko nilikosoma hakuna somo la mjusi. Mjusi wa ukutani anapenda joto la koili, ule waya uliozungushwa, ataingia katika sanduku lako la swichi kwa tundu ambalo wewe hata penseli huwezi kupitisha. Kichwa kikigusa huku na mkia kule, kinu chote kinasimama. Zibeni kila tundu la waya kwa kitambaa na lami. Na msiseme siku hizi mambo ni ya kisasa. Mijusi haijabadilika.

La pili, joto hupanda. Niliwahi kufunga kifaa cha sahani za seleniamu, kile cha kugeuza umeme uende upande mmoja, juu kabisa ndani ya sanduku la chuma lisilo na tundu, kwa sababu nilishaogopa mijusi. Kikaungua. Seleniamu ikiungua hunuka kama kabichi iliyooza. Bwana Saleh akaamuru magunia yote yahamishwe, watu wakatafuta panya aliyekufa asubuhi nzima, nami nikatafuta pamoja nao, nikainua magunia kwa bidii kuliko wote. Kumbe panya ni kazi yangu. Baada ya hapo nikaweka matundu chini na juu, yamefunikwa kwa wavu mwembamba. Upepo unapita, mjusi hapiti.

Basi. Bwana Saleh aliniambia, "Bwana Diploma, nataka kinu kinachojiendesha. Mbata ikiwamo kisage, ikiisha kisimame. Sitaki kila saa kusikia, fulani yuko wapi, aje awashe."

Nikamwambia, "Nitakufanyia."

Akasema, "Na kikijiendesha, yule mzee nimpumzishe. Miguu yake imechoka. Unaonaje? Mashine yako itamhitaji?"

Hapo ndipo pa kunihukumu, kama mna haja ya kunihukumu. Mzee Kombo alikuwa na mke mgonjwa nyumbani, na nilikuwa nimekula ubwabwa wa mke huyo. Nilijua maana ya kumpumzisha. Lakini Bwana Saleh alikuwa ananitazama kama ninavyopenda kutazamwa, na mkono wangu ulikuwa umeshagusa bahasha mfukoni.

Nikasema, "Haitamhitaji mtu yeyote."

Nilifanya kazi wiki sita. Nilitengeneza kibati chenye springi chini ya sanduku la mbata. Uzito wa mbata unakibonyeza, kibati kinafunga swichi, swichi inaamsha kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa na sumaku, kontakta inawasha mota. Mbata ikiisha, kibati kinainuka, mota inasimama. Kiwanda cha mbao cha jirani kilipowasha msumeno wake umeme ulipungua, kontakta ikatetemeka kama meno ya mwenye homa. Nikabadili koili, ikatulia. Ilikuwa kazi safi. Hata leo ningeisifu, isipokuwa mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni hapa, na msikilize vizuri. Nilifundishwa kuunganisha kontakta namna ya kwamba umeme ukikatika inaachia, na umeme ukirudi haijishiki tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Waya mmoja wa ziada na kitufe kimoja, basi. Nilijua hivyo. Niliuacha waya huo makusudi. Nilijiambia, mashine inayongoja kuamshwa na mtu itajiitaje ya kujiendesha? Kwa hiyo yangu, umeme ukirudi na mbata ikiwamo, ingewaka yenyewe.

Mahali pa pili, zile fyuzi za kaure niliziingiza ndani ya sanduku jipya la chuma, nikalitia kufuli. Ufunguo nikautia mfukoni, jirani na diploma.

Siku ya kumwonyesha Bwana Saleh alikuja amevaa kanzu mpya. Wafanyakazi walisimama mlangoni. Mbata ikamwagwa, mashine ikaamka bila kuguswa. Watu wakapiga makofi. Bwana Saleh akacheka kama mtoto. Mzee Kombo alisimama karibu na roli, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza.

"Ile mbata mbichi," akasema. "Haikukauka. Itakwama."

Mpagazi mmoja akamrushia neno, "Mzee, wivu huo! Mashine ya diploma haikwami."

Ikakwama. Roli zikauma donge la mbata bichi, mkanda ukalia, na kabla sijafika kwenye swichi, taa zote za kinu zikazimika. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Tulisikia hata msumeno wa jirani ukifa taratibu. Wakati huo huo mteja mkubwa akamwita Bwana Saleh dukani. Akatoka huku akisema, "Nikirudi niikute inazunguka, Bwana Diploma."

Mzee Kombo akaja na ndoana yake ya chuma. Akapeleka mkono ukutani, pale fyuzi zilipokuwa miaka yote. Akagusa chuma. Akagusa kufuli.

"Mwanangu, naomba fyuzi."

"Fyuzi ya nini, mzee? Umeme wenyewe haupo."

"Haupo. Lakini utarudi, nao haubishi hodi."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kusema kweli, nilielewa alichosema. Nilielewa kuliko yeye, kwa hesabu na michoro. Lakini kufungua lile kufuli mbele ya wale watu kungekuwa kukiri kwamba mashine yangu inamhitaji mzee wa kuibebea fyuzi, na nilikuwa nimeshasema haimhitaji mtu yeyote.

"Basi mimi siingii," akasema.

"Basi nitaingia mimi."

Hata swichi ya ukutani sikuizima. Nikakunja mikono ya shati. Nikapiga magoti, nikapitisha mikono yote miwili katikati ya roli, vidole vikaingia kwenye lile donge, nikaanza kulinyofoa. Lilikuwa na joto bado. Nyuma yangu nikasikia kitu kizito kikianguka sakafuni, paf! Sikugeuka. Nilidhani ni gunia.

Kisha kontakta ikalia, ta! Mota ikanguruma.

Vijana wangu, sijui niwaeleze vipi. Mwili ulijua kabla ya akili. Sikuivuta mikono. Haikukubali kuvutwa. Nilitazama tu meno ya roli, na vidole vyangu katikati yake, nikingoja. Mota ilikuwa inaunguruma kwa nguvu zote, na roli zilikuwa zimetulia kama mawe ya mto.

Nikageuza shingo. Mkanda wa ngozi ulikuwa sakafuni. Mzee Kombo alikuwa amesimama kando ya puli, lile gurudumu la mkanda, ndoana mkononi, anahema. Alikuwa ameukwanyua wakati mimi nikionyesha ushujaa wangu.

Nikatoa mikono. Nikakaa chini. Nikahesabu vidole, kwa sauti nadhani, kwa sababu mtu mmoja aliitikia, "Kumi, bwana. Kumi."

Bwana Saleh akarudi mbio kwa kusikia mota. Aliona nini? Mota inazunguka bure. Mkanda chini. Mzee Kombo na chuma mkononi.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe unanifitinia mashine, mzee? Miaka yote hii tunakula pamoja, leo unaivunja kazi ya kijana wa watu kwa sababu nataka kukupumzisha?"

Mzee Kombo akaishusha ndoana. Wale watu mlangoni walinitazama mimi. Neno lilikuwa langu.

Nitawaambia ukweli, maana sina kazi ya kutafuta tena. Nilinyamaza. Muda wa mtu kufunga kamba ya kiatu kimoja, hivi. Ndani ya muda huo nilipiga hesabu zote. Mzee ataondoka mwisho wa mwezi kwa vyovyote. Mimi nitafungua sanduku kimya kimya, nitaongeza ule waya, hakuna atakayejua. Jina langu litabaki zima Kariakoo yote. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Kisha nikaona mkono wa Mzee Kombo ukipapasa mfuko wa koti, pale fyuzi ilipokaa siku zote, ukaukuta mtupu, ukaufunga kishikizo hivyo hivyo.

Nikasema, "Bwana Saleh, mkanda ameutoa yeye. Asingeutoa ungenikuta sina mikono."

"Una maana gani?"

"Mashine imejiwasha mimi nikiwa ndani. Nimeiunda vibaya. Nilijua namna ya kuiunda vizuri, nikaacha."

Bwana Saleh akatazama roli, akatazama mikono yangu iliyojaa mafuta. Akavua kofia, akaivaa tena. "Uliniambia haimhitaji mtu."

"Nilikosea."

Tangu nirudi kutoka ng'ambo sikuwa nimelitumia neno hilo. Lilitoka kama mfupa wa samaki.

"Kwa hiyo unamhitaji huyu mzee?"

"Mashine inahitaji mtu wa kuamua iwake, kila umeme unaporudi. Mtu anayejua nani yuko ndani. Simjui mwingine hapa kinuni."

Bwana Saleh akamgeukia Mzee Kombo. "Nisamehe, Mzee wangu. Ulimi umetangulia." Mzee Kombo akasema yameisha, akainama kuokota mkanda, na wale waliokuwa wakicheka wakagombea kumsaidia.

Nililiunda upya lile sanduku. Waya wangu wa ziada nikautia, na kitufe. Kufuli nikalitupa. Fyuzi nikazirudisha nje, pale pale mkono wa mzee ulipozoea. Nilikuwa nimeandika vitufe kwa Kiingereza, nikamwuliza anasoma nini pale, akasema, "Michoro." Lakini herufi za Kiarabu alizisoma kama maji. Kwa hiyo alinifundisha kuandika "washa" na "zima" kwa herufi hizo, mimi Mlutheri wa Machame, nimeshika brashi ndogo, yeye ananikosoa nukta. "Nukta moja imepotea, Bwana Diploma. Huko ng'ambo hawakuwafundisha kuhesabu nukta?"

Fyuzi mpya nilizoagiza zilikuja kubwa zaidi. Nilizifunga, nikamwita aone. Akaichomoa moja, akaipeleka mfukoni. Haikuingia. Akaigeuza. Haikuingia.

"Haifai," akasema.

Nikamweleza kwamba ni imara zaidi, inabeba umeme mwingi zaidi. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu. "Yote hayo ni kweli, mwanangu. Lakini haiingii mfukoni."

Nikazifungua zote, nikatafuta ndogo. Tangu siku hiyo, kila mtambo niliounda, katika viwanda vyote nilivyofanya kazi, kabla sijachora waya wa kwanza nilipima mfuko wa shati la mtu atakayeuzibua. Wahandisi wenye shahada kubwa kuliko yangu waliniuliza kipimo hicho nimekitoa kitabu gani.

Mwezi haukwisha, umeme ukakatika tena, mbata imekwama tena. Ndoana ilikuwa imekatika, na goti la Mzee Kombo lilikuwa linamsumbua, nikasema nitaingia mimi. Akaenda ukutani. Akachomoa fyuzi. Nikadhani ataitia katika koti lake, kama siku zote.

Akaninyooshea.

"Anayeingia ndiye anayebeba," akasema.

Nikaipokea. Nikaipeleka mfuko wa kifua, ikagoma. Mfuko ulikuwa umejaa. Ile bahasha ya nta ilikuwamo. Nikasimama na fyuzi mkononi, watu wote wanatazama, kinu kimya.

Mzee Kombo akanyoosha kiganja chake chenye grisi.

"Lete hiyo karatasi," akasema, "nikushikie."